Kimia cha Suneka na Namna ya Kukihukumu

Msomaji, pana kazi ya mkono ambayo umeiegemea mara nyingi, umeilalia usingizi, na pengine umeifutia vidole wakati mama hakuwa akitazama, wala hujapata kuitazama kwa makini hata mara moja. Nasema juu ya kitambaa cha kroshia. Katika nyumba nyingi za hapa Suneka, na katika nchi yote ya Gusii, na kwa kweli katika sehemu kubwa ya Kenya, kitambaa hicho hutandazwa juu ya migongo ya viti na mikono yake, juu ya meza, juu ya redio, na juu ya televisheni. Mgeni akiinuka kwenda zake, hutokea akaondoka nacho kimenasa mgongoni, na watoto hucheka. Hiyo ndiyo habari pekee ya kitambaa hiki inayosimuliwa kwetu: kwamba huteleza na kwamba hunasa.

Darasani twafundishwa kulihukumu shairi. Twahesabu mizani, twatafuta vina, twauliza kama kituo kimekaa mahali pake. Twafundishwa pia kuihukumu riwaya na tamthilia. Kitambaa hatufundishwi kukihukumu, nadhani kwa sababu watu wamekwisha kuamua kwamba kitu kinachofumwa na mama huku akizungumza na jirani hakiwezi kuwa na sheria. Mimi nasema kina sheria, na baadhi yake ni kali kuliko za shairi. Maana shairi lenye mizani pungufu laweza kusomwa kwa sauti nzuri likapita, lakini kitambaa chenye mishono pungufu hukataa kulala mezani. Tena nasema kwamba mtu akizijua sheria hizo, hawezi kuridhika na bei inayolipwa wafumaji wetu.

Tuanze na jina. Zamani Kiswahili kilikuwa na neno zuri kwa kazi ya aina hii, nalo ni kimia. Neno hilo lilitaja wavu mdogo wa mvuvi, na lilitaja pia kitambaa chochote chenye matundu yaliyofumwa makusudi. Waliokiita kitambaa kwa jina la wavu walikuwa na akili. Wavu haupimwi kwa uzi wake tu, bali kwa jicho lake: jicho likiwa kubwa mno samaki hupita, likiwa dogo mno wavu hujaa takataka. Mvuvi wa Ziwa Victoria, ambalo si mbali na kwetu, hukwambia ukubwa wa jicho kabla hajakwambia uzi ni wa namna gani. Basi na wewe ukitaka kukihukumu kimia, acha kwanza kuutazama uzi. Tazama matundu. Hayo ndiyo aliyoyafanya mfumaji. Uzi aliununua dukani.

Jambo hili ni gumu kwetu kulizoea, kwa kuwa ufundi wa wazee wetu katika kusuka ulielekea upande mwingine. Ekee, kile kikapu cha kupakulia ugali wa wimbi, husifiwa kwa kubana. Mkono uliozoea ekee hulichukia tundu. Huliona kuwa ni uzembe. Kimia kimegeuza sifa hiyo, maana hapa tundu ndilo pambo, na kazi yote ya uzi ni kulizunguka na kulilinda lisiharibike umbo. Kwa hiyo wale bibi zetu waliojifunza kroshia kwa mara ya kwanza hawakujifunza mshono tu, bali walijifunza kupenda kitu ambacho mikono yao ilikuwa imefundishwa kukiziba.

Kimia chaweza kufanywa kwa njia nyingi. Huko Ulaya, tangu karne ya 16, Italia na Flanders zilisifika kwa kimia cha vijiti. Nakieleza kidogo ili uone tofauti. Mfumaji huwa na mto mgumu uliojazwa majani makavu au kitu kama hicho. Juu ya mto huweka karatasi ngumu iliyotobolewa matundu kufuata mchoro. Uzi huzungushwa juu ya vijiti vyembamba vya mti au mfupa, na vijiti hivyo hutumiwa wawili wawili. Kazi ndogo huweza kuchukua jozi chache, na kazi kubwa jozi mamia. Katika sehemu nyingine za Uingereza walifunga ushanga mwishoni mwa kijiti, upate kuwa na uzito na kuunyosha uzi. Na mikono hufanya nini? Hufanya mambo mawili tu: hupishanisha na husokota. Uzi wa kushoto hupita juu ya wa kulia, au wa kulia hupita juu ya wa kushoto. Kisha pini hukitwa mahali pa tundu ili kazi isirudi nyuma. Kwa mambo hayo mawili hupatikana maua, ndege, na taji za wafalme. Hakuna fundo hata moja katikati.

Kazi hiyo ina heshima kwao. Mji wa Idrija, nchini Slovenia, una shule ya kuifundisha tangu mwaka 1876, na mwaka 2018 UNESCO iliiandika kazi ya vijiti ya Slovenia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Sikutajii haya ili uone wivu, ila nataka uyakumbuke tutakapofika kwenye suala la bei.

Kwetu haukuja mto wala vijiti. Ilikuja kroshia, na ukizitazama zana hizi mbili pamoja utaona kwa nini kroshia ndiyo iliyokaa. Mto ni mzito, tena vijiti vikichanganyika umepata taabu. Sindano ya kroshia hukaa ndani ya mfuko wa sketi. Nayo si sindano hasa, maana haina tundu wala ncha ya kuchoma. Ni kijiti chenye kulabu ndogo kichwani, kwa kawaida cha chuma kwa uzi mwembamba wa pamba, au cha plastiki na alumini kwa uzi mnene. Aliyekosa cha duka huchukua spoku ya baiskeli, akaipinda kichwa, akainoa juu ya jiwe mpaka isikwaruze uzi. Lakini faida kubwa kuliko zote ni hii: katika kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu kwa wakati wowote. Mfumaji akiitwa na mteja, au mtoto akilia, au gari likifika, hukivuta kitanzi hicho kikawa kirefu kidogo, akatia kazi mfukoni. Mwenye vijiti ana nyuzi makumi zinazoning'inia. Kroshia ni kazi ya mtu asiyekuwa na saa nzima iliyo yake mwenyewe. Kwa hiyo ilimfaa mwanamke wa sokoni, na anayengoja zamu kwenye benchi la zahanati. Hasara yake nayo yatoka pale pale: kitanzi cha mwisho kikiachiliwa, kazi yote hufumuka kwa mkupuo, kama uongo uliopata kuulizwa swali moja.

Sasa tuje kwenye hukumu. Mbele yangu vipo vitambaa viwili vya mviringo, vyote vimenunuliwa hapa Suneka kando ya barabara iendayo Migori. Cha kwanza ni cheupe pepepe, kina nyota yenye ncha nane, na kilipokuwa kipya kilisimama kigumu kama sahani. Cha pili kina rangi ya maziwa, ni laini, na kina yale mapambo yaitwayo nanasi, yaani mafungu ya vitanzi yanayopungua safu baada ya safu mpaka yakawa ncha. Kila aliyeviona hukisifu cha kwanza. Mimi nasema cha pili ndicho kazi ya fundi, na nitakupa sababu zangu uzipime.

Kitambaa cha mviringo huanzia katikati na kukua duara baada ya duara. Hisabati yako ya kidato cha kwanza imekufundisha kwamba mzingo wa duara ni kama mara sita na robo ya nusu kipenyo chake. Maana yake ni kwamba kila mara mfumaji aongezapo duara moja, mzingo hauna budi kurefuka kwa mara sita na robo ya kimo cha mshono. Mshono mfupi una kimo kinachokaribia upana wake. Kwa hiyo kila duara lahitaji mishono kama 6 zaidi ya lile lililotangulia. Mshono mrefu una kimo kama mara mbili ya upana. Basi lahitaji kama 12. Akiongeza pungufu, kitambaa hujikunja juu na kuwa bakuli. Ndivyo zinavyofumwa kofia. Akizidisha, ukingo hukosa mahali pa kukaa, ukaanza kupanda na kushuka kama jani la sukumawiki. Na kumbuka kwamba katika kimia sehemu kubwa ya mishono hiyo hubadilishwa kwa mnyororo unaozunguka matundu, kila mmoja na urefu wake, na mfumaji huyapatanisha haya yote kichwani. Wengi wa wafumaji wetu hawakupata kusoma kanuni ya mzingo, lakini kwa vidole wanaijua.

Kitambaa cheupe kilipooshwa mara ya kwanza kilitoa siri yake. Kilikuwa kimetiwa wanga mzito, kikanyoshwa kwa pini, kikapigwa pasi. Na wanga ni shahidi wa uongo. Ulipotoka, nyota ikabaki nzuri katikati, lakini duara tatu za mwisho zikajaa mawimbi. Mfumaji alipoona nyota imekwisha, alifanya haraka kujaza ukingo, akarudia idadi ile ile ya vitanzi bila kuuliza kama nafasi ipo. Cha pili nacho nilikiosha, nikakilaza juu ya meza kikiwa bado kimelowa, bila pini. Kililala kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Msomaji, hii ndiyo njia ya kwanza ya kukihukumu kimia, nayo haina gharama: kitie maji, kilaze, kiache kiseme chenyewe.

Njia ya pili ni kukigeuza. Upande wa chini ndiko uzi uliokwisha hukutana na uzi mpya. Mfumaji mvivu hufunga fundo na kukata. Fundo hilo litaonekana siku moja juu, tena mkia wake ukifunguka tundu zima litapanuka. Katika kitambaa cha maziwa nilitafuta maungio kwa muda mrefu, nikayapata mawili, yamelazwa ndani ya mishono minene kwenye kichwa cha nanasi, mahali ambapo unene kidogo hausumbui. Hapo ndipo nilipomvulia kofia mtu huyu nisiyemjua. Alikuwa amekwisha kupima uzi wake kabla, akajua utamwishia wapi.

Lakini sitakificha kilema chake. Ukingo wa kitambaa hiki cha pili ni mzito mno. Nanasi sita zimeelekea nje kwa wepesi mkubwa, kisha ghafula zimezungushiwa safu mbili za mishono iliyobana, kana kwamba mfumaji aliogopa kuziacha. Huenda alikumbuka kwamba kitambaa kitaegemewa na migongo ya watu wazima, akatilia nguvu. Hiyo ni sababu ya haki kwa kiti, ila si ya haki kwa macho.

Wako watakaosema kwamba mimi napoteza wakati juu ya kitu cha kigeni. Watasema: nanasi hili lilitoka katika vitabu vya Wazungu, na kroshia yenyewe ililetwa na walimu wa misheni, kisha ikaenezwa na vyama vya akina mama kama Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952 na kufundisha ushonaji pamoja na usafi na malezi. Kweli. Lakini hao waliotuletea nao waliipata wapi? Katika Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, ambapo viazi vilioza shambani na watu wakafa kwa mamia ya maelfu, masista na akina mama wenye huruma waliwafundisha maskini kufuma kroshia ili wapate fedha ya chakula. Na walichofuma kilikuwa mwigo wa kimia cha sindano cha Venice, kilichokuwa ghali na kilichochukua muda mrefu mno. Kroshia ilipata jina kubwa kwa kuiga, mikononi mwa watu wenye njaa. Kwa hiyo kuiga si kosa ninalolitafuta. Kosa ni kuiga bila kuchagua: kuchukua nyota yenye ncha nane pasipo kuuliza kama vitanzi vyangu vyatosha kuifikisha ukingoni.

Sasa bei. Mnunuzi wa Suneka husimama mbele ya vitambaa, akashika kimoja, akasema, "Mama, kule Kisii mjini pazia zima la kimia nalipata kwa bei hii." Naye muuzaji hupunguza, kwa kuwa hana jibu. Jibu lipo, nami nataka uwe nalo. Pazia lile limefumwa kwa mashine. Mwaka 1808 na mwaka 1809 Mwingereza mmoja, John Heathcoat, alipata hati za uvumbuzi wa mashine iliyoiga mipishano ya vijiti. Na mwaka 1816 watu waliochukia mashine wakavamia usiku kiwanda chake mjini Loughborough, wakavunja mashine zaidi ya 50, akahamia Tiverton. Mashine za baadaye zilizidi kuwa na akili, na kimia cha vijiti kikawa kitu cha kiwanda. Lakini kroshia haikupata Heathcoat wake. Mpaka leo hakuna kiwanda kinachofuma kroshia ya kweli kwa mashine. Zile ziitwazo mashine za kroshia hufuma vitanzi kwa njia nyingine, na jicho lililozoea hutambua. Sababu ni kwamba kulabu haina budi kuingia tunduni, mahali tofauti kila mara, na mkono wa pili hauna budi kuishika kazi na kuigeuza.

Fikiri vema maana yake. Kila kitambaa cha kroshia ya kweli unachokiona, kiwe Suneka, kiwe Nairobi, kiwe katika duka la nguo la London, kimefumwa na mkono wa mtu, mshono kwa mshono. Kikiuzwa kwa bei ya chini, si kwamba mashine imerahisisha kazi. Ni kwamba pana mtu aliyelipwa kidogo. Tuhesabu pamoja. Chukua kitambaa cha duara 20 za mshono mrefu, la kwanza lina mishono 12, na kila moja laongeza 12. Jumla ni mishono 2,520. Katika kila mshono mrefu kulabu huukamata uzi mara nne. Basi ni mara 10,080 kwa kitambaa kimoja. Viti vya watu saba, yaani kile cha watatu, cha wawili na viwili vya mmoja mmoja, huhitaji vitambaa saba vya migongo na vinane vya mikono. Zidisha: ni mara 151,200. Ukishapata jibu hilo, muulize mnunuzi wa pazia kama bado anataka kupunguziwa.

Ninyi wavulana mnaosoma haya huku mkitabasamu, nawakumbusha kofia za mkono za Lamu na Unguja, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa sindano. Hizo nazo ni kazi ya tundu na uzi. Wanaume huzivaa kwa fahari siku ya Idi, na nzuri yake huuzwa kwa fedha nyingi bila mtu kuuliza bei ya pazia. Tena tazameni jirani zetu wa Tabaka. Jiwe lao la sabuni limepata wahakiki, wanunuzi wa ng'ambo, na majina. Ndege wa amani aliyechongwa na Elkana Ong'esa yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na jina la mchongaji lajulikana. Katika kazi ya jiwe hilo wanawake wengi ndio waoshao na kusugua mpaka king'are, wala majina yao hayaandikwi. Kimia, ambacho ni chao tangu kitanzi cha kwanza hadi cha mwisho, hakijaandikiwa majina hata kidogo, na siku hizi vijana wenye viti vya ngozi bandia hukiita ushamba.

Hata hivyo, majina yapo kwa namna yake. Katika kitambaa cha maziwa, karibu na mahali uzi ulipokatwa, kuna kitanzi kimoja cha uzi wa buluu, kidogo kama punje ya wimbi. Kwanza nilidhani ni uchafu. Nilipokwenda kununua kingine nilimwuliza muuzaji, akanionyesha rundo lake: vingine vilikuwa na kitanzi chekundu, vingine cha kijani, vingine viwili vya buluu vilivyokaa pamoja. Anawauzia watu watano, akasema, na jioni hana budi kujua fedha ya nani ni ipi.